Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya vituo: "cha muda" ni muda gani?

Kwa Mkurugenzi mwenye dhamana ya vituo vya treni ya mjini,
Dar es Salaam.

YAH: KITUO CHETU KIDOGO KWENYE NJIA YA PUGU

Ndugu Mkurugenzi,

Sijui umri wako, kwa hiyo natanguliza shikamoo. Ikiwa wewe ni mdogo kwangu, utanirudishia.

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko Kariakoo, nyumba yangu iko hatua kama mia mbili kutoka kwenye reli. Nimepanda treni ya Pugu tangu mwaka ilipoanza, asubuhi kwenda na jioni kurudi, isipokuwa siku ambazo treni yenyewe haikuja. Siku hizo ni nyingi, nitazifikia.

Hii si barua yangu ya kwanza kwako. Ya kwanza niliileta mwenyewe, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, nikarudi nyumbani na nakala yangu nikiwa na furaha kama mtu aliyepata kiwanja. Ya pili sikusikia lolote. Ya tatu niliambatanisha karatasi mbili za saini za abiria wenzangu, wengine wameweka dole gumba. Safari hiyo nilionana na ofisa wako mmoja, kijana mwenye adabu, akanikaribisha kiti, akasoma barua yote mbele yangu. Kisha akafunga faili akaniambia, "Mama, kile ni kituo cha muda tu."

Sikumjibu pale. Nimekaa na maneno hayo wiki kadhaa, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa kwenye foleni, na jibu langu limekuwa refu kupita bahasha. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Kituo chenyewe sitakitaja kwa jina lake la kwenye tiketi. Mkatisha tiketi wetu ni mtu mwema, na najua lawama ya ofisi ikishuka huwa inatua kwa mtu wa chini kabisa. Wewe barua zangu unazo, unajua ni kipi.

Nianze na huo muda.

Reli inayopita mbele ya nyumba yangu ilikuwepo kabla ya nyumba yangu, kabla ya mtaa wetu, kabla ya barabara iliyoitwa Pugu na sasa inaitwa Nyerere. Februari 1905 Adalbert, mtoto wa Kaisari wa Ujerumani, alizindua ujenzi wake hapa Dar es Salaam. Mwaka 1907 ikafika Morogoro, 1912 Tabora, na mwanzoni mwa 1914 ikafika Kigoma. Hiyo ni safari ya kilomita 1,250 hivi, kupita mbugani na milimani, na jasho lililotumika lilikuwa la babu zetu. Siwasifu Wajerumani. Nahesabu miaka tu: kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Tanganyika ni miaka tisa. Treni ya mjini ilianza kwenda Pugu mwaka 2016. Hesabu mwenyewe, Ndugu Mkurugenzi. Kituo chetu kimeshapewa muda uliotosha kujenga reli hadi Kigoma, na bado hakijapata kibao cha jina.

Reli ya TAZARA, ambayo ni ndefu zaidi, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilianza kujengwa 1970 na ikakabidhiwa 1976. Basi niishie hapo, nisije nikaonekana nakuonea.

Jirani yangu ni mzee aliyefanya kazi kwenye genge la reli, wale waliokuwa wakitembea na nyundo na spana kukaza vifungo vya mataruma. Anayo kumbukumbu ya reli hii kama wengine walivyo na kumbukumbu ya ukoo. Aliikuta ikiwa mali ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaona Jumuiya inavunjika 1977 na mabehewa yanagawanywa kama mirathi. Alikuwa ameshastaafu reli ilipokodishwa kwa kampuni ya kutoka India mwaka 2007, na alikuwa bado anasubiri haki zake Serikali ilipoirudisha mikononi mwake 2011. Wakubwa wake kazini walimsimulia mgomo wa 1960, wafanyakazi wa reli walipoweka zana chini zaidi ya miezi miwili, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Huyo mzee nilimwambia alichosema ofisa wako. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Sisi ndio tulikuwa wa muda."

Treni ya mjini yenyewe ilianza Oktoba 2012, kutoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa, na upande wa TAZARA pia. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa wakati ule, na mpaka leo ukitaja jina hilo kila mtu anakuelewa. Nauli ya Stesheni hadi Ubungo ilikuwa shilingi 400. Mabehewa yalikuwa ya zamani yaliyokarabatiwa, na hatukulalamika, kwa sababu ukitoka kwenye daladala ukiwa umesimama kwa mguu mmoja kuanzia Gongo la Mboto, behewa lolote lenye dirisha ni neema. Lakini kumbuka jambo moja. Mwezi uliofuata, Novemba 2012, wenzetu wa Nairobi nao walifungua kituo cha treni ya mjini, Syokimau. Wao walianza na jengo: paa, jukwaa, sehemu ya kuacha magari. Sisi tulianza na treni, tukaambiwa majengo yatafuata. Nakiri kwamba wakati ule niliona tumewapita akili. Sasa sina uhakika.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kituo hakina jina. Tiketi inasema jina moja. Wahudumu wa kwenye behewa wanapiga kelele jina jingine. Sisi wakazi tunapaita Mwembeni, kwa sababu ya mwembe, na mwembe ndio paa letu, ndio chumba cha kusubiria, ndio ofisi ya mkatisha tiketi jua likiwa kali. Mgeni akiuliza amefika wapi hujibiwa na watu watatu majibu matatu. Mwaka jana mpwa wangu alitoka Singida mara ya kwanza, nikamwambia shuka kituo fulani, akapita mpaka Pugu akisubiri kusoma kibao. Hakuna kibao. Hakijawahi kuwepo. Nimelitanguliza hili na najua utaona ni dogo kuliko yanayofuata. Silioni dogo. Kitu kisicho na jina hakiandikwi kwenye bajeti, hakikaguliwi, hakidaiwi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa unajua anavyosumbuka.

2. Hakuna jukwaa. Treni inasimama, na kati ya kokoto na ngazi ya kwanza ya behewa kuna kimo cha kiuno changu, nami si mfupi. Vijana wanaruka. Sisi tunavutwa mikono juu na watu tusiowajua, na unashukuru ukiwa umevaa gauni refu. Wajawazito tunawasukuma. Kuna mama mwenye kiti cha magurudumu anayeishi nyuma ya kituo, anaiona treni kila siku na hajawahi kuipanda hata mara moja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na haikuandika kwamba vituo vya muda vimesamehewa.

3. Hakuna paa, hakuna choo, hakuna taa. Kuhusu choo nitasema tu kwamba wanawake wa mtaa huu wanajua ninachozungumzia, na kwamba mwenye nyumba ya jirani ameanza kutoza.

4. Kengele yetu ilichukuliwa. Hili naomba ulisome taratibu.

Kwenye mwembe ule palining'inizwa kipande cha reli, urefu wa mkono, kwa waya. Mzee wa genge ndiye aliyekitundika, miaka mingi kabla hakujawa na treni ya mjini, kwa ajili ya kuita watu wa zamu. Ubavuni kilikuwa na maandishi ya kiwandani yaliyoliwa na kutu, na watoto walikuwa wakishindana kuyasoma kwa kupitisha vidole. Treni ya Pugu ilipoanza, mkatisha tiketi akaanza kukitumia. Akipigiwa simu kwamba treni imetoka kituo cha nyuma, anakigonga mara tatu kwa boliti. Mlio ule ulikuwa unafika mpaka kwangu. Nilikuwa najua nina dakika za kumalizia chai. Mama wa maandazi alikuwa anajua afungie wateja. Madereva wa bodaboda walikuwa wanasogea. Mtaa mzima uliishi kwa kengele ile, na haikuwagharimu ninyi hata shilingi.

Halafu ikasemekana kiongozi mkubwa atapita kwenye njia yetu. Mnamo siku mbili kituo kikafagiliwa, mawe yakapakwa chokaa, mwembe nao ukapakwa chokaa mpaka kiunoni, na gari la taka likaja. Kipande cha reli kikaondoka pamoja na taka. Kiongozi alipita bila kusimama. Chokaa ilioshwa na mvua za Machi. Kengele haijarudi, na mzee wa genge tangu siku hiyo haji tena kukaa chini ya mwembe. Hatumshtaki mtu kuwa ameiuza. Tunachojua ni kwamba kilo ya chuma chakavu ina bei, na kwamba waliokuja walikuwa na sare.

5. Treni isipokuja, hatuambiwi. Mvua ikinyesha milima ya Pugu, Msimbazi unajaa, tunaelewa. Mto ule haujawahi kuomba ruhusa kwa mtu. Kichwa cha treni kikiharibika, tunaelewa pia, chuma ni chuma. Tusichokielewa ni kusimama kwenye kokoto kuanzia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi hadi saa moja na robo, watu zaidi ya mia, na taarifa pekee tunayopata ni ukimya. Ukifika barabarani wakati huo daladala zimejaa, na bodaboda wameshapandisha bei kwa sababu wao wanajua treni imekufa kabla yetu. Wanajuaje? Wanapigiana simu. Mtu mmoja, simu moja, ingetosha.

6. Watoto wa shule wanavuka reli hapo hapo, bila kizuizi wala mtu. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hili mpaka nisiwe na budi, na namwomba Mungu isifike huko.

Sasa najua utakayonijibu, maana nimeshajibiwa kwa mdomo nikiwa nimesimama kwenye korido.

Utasema fedha zote zimeelekezwa kwenye SGR, reli mpya ya treni za umeme. Nimeiona SGR, Ndugu Mkurugenzi. Naiona kila siku. Juni 2024 ilipoanza kubeba abiria hadi Morogoro tulitoka nje kuishangilia, na Agosti Rais alipoizindua rasmi mtaa wetu ulikaa mbele ya televisheni kama siku ya fainali. Ni fahari yetu, na kodi yangu ya meza ya Kariakoo imo humo. Lakini treni ile ya umeme inatupita sisi tukiwa kwenye kokoto, inakwenda Dodoma. Mimi siendi Dodoma. Mimi naenda Kariakoo, kila siku, na jumla ya safari zangu ingeshanifikisha Kigoma mara kadhaa. Kituo kikuu chenye umbo la tanzanite kimejengwa kikapendeza. Ninachoomba ni saruji, mabati na ubao. Mabaki ya ujenzi ule yangetosha, nasema bila kejeli. Labda kejeli kidogo.

Utasema mabasi ya mwendokasi yanakuja Gongo la Mboto, kwa hiyo treni itapungua umuhimu. Njia ya mwendokasi ya Barabara ya Nyerere tumeiona ikijengwa, na vumbi lake tumelila. Hata daraja la Mfugale pale Tazara lilipofunguliwa 2018 tuliambiwa foleni imekwisha. Ilihamia mbele. Mji huu unakula kila usafiri unaouletea na bado unasema una njaa. Kuja kwa basi hakujawahi kuwa sababu ya kumwacha abiria wa treni asimame kwenye matope.

Utasema wananchi wenyewe ni waharibifu, mkiweka taa zinaibwa, mkiweka mabenchi yanang'olewa. Wezi wapo, sikatai, nao wanatuibia sisi kwanza. Lakini kengele yetu ilining'inia miaka na miaka, kwenye mti usio na mlinzi, kando ya njia ya kila mtu, na hakuna mwizi wa mtaa aliyeigusa. Iliondoka siku usafi ulipoletwa kutoka ofisini.

Na utasema, hili ndilo kubwa lenu, kwamba eneo lote ni hifadhi ya reli na ujenzi wa kudumu hauruhusiwi. Hapo ndipo naomba msaada wa kuelewa. Hifadhi ya reli inahifadhiwa kwa ajili ya reli. Kituo cha treni si banda la chipsi. Tulipowekewa alama za X nyekundu kwenye kuta zetu, tuliambiwa tumeingilia eneo la reli, na waliopaswa kubomoa walibomoa, mimi mwenyewe nilikata jiko langu nikalisogeza ndani. Nililisogeza kwa kuamini kwamba pale palipokuwa na jiko langu reli ina shughuli napo. Leo panaota magugu. Kuku wangu ndio wanaopatumia, na wao hawajawekewa X.

Ninachoomba, kwa niaba ya waliosaini ile barua ya tatu, si kikubwa.

Kwanza, mtuambie kwa maandishi jina rasmi la kituo chetu, na mweke kibao pande zote mbili za reli, chenye jina na mwaka ambao treni ya abiria ilianza kusimama hapo.

Pili, jukwaa la saruji lenye njia ya mteremko, hata la urefu wa mabehewa mawili tu. Abiria tutajipanga; kwa kujipanga sisi ni mabingwa.

Tatu, bati juu, taa mbili, na choo.

Nne, namba moja ya simu, au mtu mmoja, wa kusema "leo haiji" kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Tano, mtu wa bendera asubuhi na jioni kwenye kivuko cha watoto.

Sita, kipande kingine cha reli. Mnavyo, vimelala kwenye nyasi kila baada ya nguzo chache. Hakitakuwa kile cha mzee, lakini akisikia mlio naamini atatoka nje.

Naomba jibu ndani ya siku thelathini. Siongezi kitisho chochote, kwa sababu sina. Hatutalala relini, hatutafunga njia. Tuna kazi zetu za kwenda na treni yenyewe ndiyo inayotupeleka. Isipokuwa nikujulishe jambo moja, ili usije ukalisikia kwa mwingine. Abiria wa behewa la tatu tumechanga. Tumenunua ubao wa mninga, umepigwa randa, umepakwa rangi nyeupe mara mbili, na fundi wa kuandika mabango ya maduka ametuahidi herufi nyeusi bila malipo. Nguzo mbili za chuma tumezipata. Hatujausimika, maana hatutaki kushtakiwa kwa kujenga kwenye hifadhi ya reli. Uko nyumbani kwangu, umeegemezwa ukutani, pale jiko lilipohamia.

Nafasi ya jina tumeiacha wazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani,
abiria wa behewa la tatu.

Nakala: Mkatisha tiketi wetu, aibandike kwenye mwembe.
Nakala: Mzee wa genge, atasomewa.